Kompyuta iliwamaliza mabingwa wa chesi, mkeka wako haiujui

UKIPITA jioni kwenye vijiwe vya Ngamiani jijini Tanga, kabla muuza kahawa hajamaliza birika lake la kwanza, utakuta ubishi wa aina tatu. Wa kwanza ni wa Coastal Union na African Sports, na huo hauna mwisho. Wa pili ni wa Simba na Yanga. Wa tatu ni mpya kidogo, umeingia vijiweni kwa mlango wa simu: hivi binadamu anaweza kuifunga kompyuta?

Ubishi wenyewe huanzia kwenye drafti. Vizibo vya soda vimepangwa ubaoni, vya huyu vimelala chali, vya yule kifudifudi. Kuna mzee hajafungwa tangu alasiri. Kijana anatoa simu, anafungua mchezo, anamwambia, "Babu, hebu jaribu hiki." Mzee anacheka. "Mgosi, hicho nacho kimeanza lini kula ugali?" Kijiwe kizima kinacheka naye. Baada ya dakika kumi anayecheka ni kijana peke yake.

Hapo kijiwe kinagawanyika. Wapo wanaosema mzee kazidiwa kwa sababu hajazoea kioo, na kwamba wangeletwa mabingwa wa dunia, wale Warusi wa sataranji, au chesi kama vijana wanavyoiita, simu ingeona cha moto. Wapo wanaosema mashine ikishapewa hesabu imemaliza, na hao ndio huishia kusema kwamba basi hata matokeo ya Ligi Kuu inayajua. Kundi la kwanza limekosea na halina hasara. Kundi la pili lina nusu ya ukweli, na hiyo nusu ya uongo iliyobaki ndiyo inayokula hela za watu kila Jumamosi.

Swali la kwanza halihitaji VAR. Jibu lilishapatikana.

Februari 1996, mjini Philadelphia nchini Marekani, bingwa wa dunia Garry Kasparov alikaa mbele ya kompyuta ya kampuni ya IBM iliyoitwa Deep Blue (siyo Deep Sea ya pale mwaloni Tanga wanakouza samaki). Mchezo wa kwanza kompyuta ikashinda. Haikuwahi kutokea bingwa wa dunia akafungwa na mashine katika mchezo wa muda kamili. Lakini Kasparov hakuwa mtu wa kulia. Akajipanga upya, akasoma udhaifu wa mpinzani, na mechi ya michezo sita ikaisha kwa yeye kushinda pointi 4 kwa 2. Kwa lugha ya Mkwakwani, alitanguliwa kufungwa kisha akapindua meza.

IBM wakarudi karakana. Mei 1997, safari hii New York, marudiano. Mashine mpya ilikuwa na uwezo wa kukagua mipangilio ya kete kama milioni 200 kwa sekunde moja. Milioni mia mbili, kwa sekunde. Kasparov akashinda mchezo wa kwanza na watu wakaanza kufunga mabegi. Wa pili akapoteza, na hapo ndipo ngoma ilipogeuka, kwa sababu baadaye wachambuzi walionyesha kwamba pale aliposalimu amri bado alikuwa na njia ya kupata sare. Bingwa wa dunia aliondoka uwanjani wakati mpira haujaisha! Alikuwa ameshaanza kuamini kwamba mashine inaona kila kitu. Michezo mitatu iliyofuata ikawa sare, na ule wa sita ukaisha kwa miendo 19 tu: kompyuta ilitoa farasi sadaka, Kasparov akavurugika, akanyoosha mikono. Matokeo ya mwisho yakawa 3.5 kwa 2.5. Mshindi alipewa dola 700,000 na aliyefungwa dola 400,000.

Kasparov alilalamika kinoma. Alihisi kuna mkono wa binadamu nyuma ya ile mashine, akataka kuonyeshwa kumbukumbu zake, akataka mechi nyingine. IBM hawakurudi tena ulingoni, Deep Blue ikastaafu ikiwa na mkanda. Kwa hiyo mtu angeweza kusema, na wengi walisema, kwamba mashine ilibahatisha mara moja ikakimbia. Ushindi wa mechi moja si ubingwa. Timu iliyomfunga Simba mara moja Mkwakwani haiwi kubwa kuliko Simba.

Ndiyo maana miaka iliyofuata ni muhimu kuliko ule wa 1997. Mwaka 2002 Vladimir Kramnik, aliyemvua Kasparov ubingwa, alicheza na programu ya Deep Fritz nchini Bahrain, wakatoka 4 kwa 4. Mwaka 2003 Kasparov mwenyewe alitoka sare 3 kwa 3 na Deep Junior pale New York. Hapo wapinzani walikuwa bado wanalingana. Kama kijiwe cha Ngamiani kingekuwa kinabishana mwaka ule, wazee wangekuwa na hoja.

Mwaka 2005 hoja ikaanza kuvunjika, na aliyeivunja alitokea Ghuba, ng'ambo ya bahari hiihii ambako ndugu za watu wa Tanga, Pangani na Pemba wamekuwa wakienda kutafuta riziki miaka nenda rudi. Kompyuta iliyoitwa Hydra, iliyogharamiwa na fedha za Abu Dhabi, ilicheza London na Michael Adams, Mwingereza aliyekuwa miongoni mwa wachezaji kumi bora duniani. Michezo sita. Adams aliambulia sare moja. Hydra 5.5, binadamu 0.5. Hicho ni kipigo cha mtoto wa mitaani aliyeingia uwanja wa watu wazima.

Mwaka uliofuata, mjini Bonn nchini Ujerumani, Kramnik alirudiana na Deep Fritz. Katika mchezo wa pili bingwa wa dunia alishindwa kuona kwamba mwendo mmoja tu unaofuata mfalme wake anafia palepale. Mwendo mmoja. Kitu ambacho mtoto wa shule aliyejifunza chesi mwezi mmoja angekiona. Mechi ikaisha 4 kwa 2 kwa mashine, na mashine yenyewe safari hii haikuwa dude la kujaza chumba kama Deep Blue. Ilikuwa kompyuta unayoweza kuiweka mezani. Tangu hapo mechi kubwa za namna ile, bingwa wa dunia kwa mashine kwa masharti sawa, zimekosa maana. Nani alipe tiketi kuangalia mtu akikimbia mbio na pikipiki?

Mwaka 2009 programu ya Pocket Fritz 4, ikiwa ndani ya simu ya mkononi, iliingizwa kwenye mashindano Buenos Aires, Argentina, ikapata pointi 9.5 kati ya 10. Simu! Tena ile simu ilikuwa inakagua mipangilio isiyozidi elfu 20 kwa sekunde, sehemu ndogo mno ya ile milioni 200 ya Deep Blue. Maana yake mashine hazikushinda kwa nguvu za kuhesabu peke yake, zilijifunza pia kuchagua kipi cha kuhesabu na kipi cha kuacha. Ni tofauti ya kiungo anayekimbia uwanja mzima na kiungo anayejua pa kusimama.

Leo programu ya Stockfish inapatikana bure kwenye intaneti, na inaingia kwenye simu ya bei ya kawaida. Mwaka 2016 Mmarekani Hikaru Nakamura, mmoja wa wachezaji wakali zaidi wa kizazi hiki, alicheza michezo minne na programu ya Komodo, na kila mchezo alianza akiwa amepewa faida fulani, mfano mashine kuanza ikiwa pungufu ya kete. Bado akafungwa 2.5 kwa 1.5. Timu inacheza pungufu tangu filimbi ya kwanza na inashinda.

Kwa wapenda namba kuna kipimo kinaitwa Elo. Shabiki wa soka anakijua bila kujijua, maana tangu 2018 FIFA inatumia hesabu za mtindo huo kupanga viwango vya timu za taifa, ikiwemo Taifa Stars. Kiwango cha juu kabisa ambacho binadamu amewahi kufikia kwenye chesi ni pointi 2882, alichokifikia Magnus Carlsen wa Norway mwaka 2014. Programu bora kwenye orodha zao wenyewe ziko juu ya 3500. Orodha hizo si mizani ileile moja kwa moja, kwa sababu mashine zinacheza na mashine, lakini tofauti ya pointi 600 kwa hesabu ya Elo ina maana kwamba katika michezo 100 mnyonge ataokota pointi kama 3 hivi, na nyingi zitakuwa za sare sare. Kwa hiyo mzee wa drafti asijisikie vibaya. Carlsen naye angekaa pale kwenye benchi akanywe kahawa.

Kundi la pili la kijiwe likishasikia haya, linaruka. Linasema: umeona? Kama kompyuta imemshinda bingwa wa dunia kwenye mchezo wa akili, itashindwaje kujua kwamba Yanga atamfunga fulani na Arsenal atatoka sare? Na kweli, simu za vijana wa Makorora, Chuda, Muheza mpaka Pangani zimejaa magrupu ya watu wanaouza odds za uhakika. Zamani muuzaji alikuwa anasema ana mtu ndani ya timu. Siku hizi anasema ana akili bandia. Anatuma picha ya jedwali lenye asilimia nyingi, anataja kompyuta iliyomshinda Kasparov, anaomba buku tano.

Huu ni utapeli, na ubaya wake ni kwamba umesimama juu ya ukweli. Ndiyo maana unatakiwa kuvunjwa vizuri, si kwa kufoka.

Chesi ni mchezo ambao kila kitu kipo mezani. Viboksi 64, kete 32, zamu moja moja. Hakuna aliyeficha kete mfukoni. Farasi haumwi nyama za paja, ngome haijagombana na kocha, malkia hajachelewa kulipwa mshahara. Mvua hainyeshi ubaoni. Refa hahitajiki. Mashine ikikagua mpangilio, imekagua ukweli wote uliopo. Kazi iliyobaki ni hesabu, na kwenye hesabu binadamu hana ubavu.

Mpira wa miguu hauko hivyo, na mtu wa Tanga ndiye wa mwisho anayestahili kudanganywa kwenye hilo. Julai 2, 2022, Uwanja wa Sheikh Amri Abeid jijini Arusha, fainali ya Kombe la Shirikisho. Upande mmoja Yanga, waliotoka kuchukua ubingwa wa Ligi Kuu msimu huo bila kufungwa hata mechi moja. Upande wa pili Coastal Union. Ukiilisha kompyuta yoyote rekodi za msimu ule itakwambia Yanga, na wala haitasita. Abdul Suleiman 'Sopu' akafunga mabao matatu peke yake. Mpira ukaisha 3-3 hata baada ya dakika 120. Yanga walibeba kombe, ndiyo, lakini kwa matuta, 4-1. Aliyeweka hela kwamba Yanga atashinda ndani ya dakika 90 alirudi nyumbani kwa miguu, na wapo waliorudi hivyo.

Hakuna Sopu kwenye chesi dhidi ya Stockfish. Mnyonge haamki siku hiyo akiwa na miguu ya moto. Hiyo ndiyo tofauti nzima kati ya michezo hii miwili, na ndiyo sababu watu wanajaza Mkwakwani kuangalia timu yao ikicheza na kigogo ilhali wanajua hesabu inasemaje.

Halafu kuna hesabu ya mkeka wenyewe, ambayo muuza odds huwa haitumi kwenye grupu. Tuseme programu yake ni nzuri ajabu, inapatia mechi 8 katika kila 10. Hakuna mchambuzi duniani anayefika hapo kwa mechi za kawaida, lakini tumpe. Mtu akipanga mkeka wa mechi 10 kwa programu hiyo, uwezekano wa zote 10 kutiki ni kama 11 kwa 100. Yaani katika mikeka 100, 89 inachanika, na hapo ni kwa mashine ambayo haipo. Ukishusha mpaka mechi 7 katika 10, inayotiki ni chini ya 3 kwa 100.

Na kuna jambo la tatu ambalo kundi la pili halipendi kulisikia. Mashine kwenye biashara hii ipo kweli, ila imekaa upande wa pili wa meza. Kampuni za kubeti ndizo zenye kompyuta kubwa, ndizo zenye wataalamu wa hesabu wanaopanga odds na kuzibadilisha kila dakika timu inapopata kadi au bao. Kijana mwenye app aliyouziwa kwa buku tano ndiye Adams, na mwenye duka ndiye Hydra. Hata Adams alipata sare moja.

Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ina kazi ya kusimamia kampuni zenye leseni. Wauza odds za magrupu hawana leseni, hawana ofisi, hawana anayewauliza. Kama zipo nguvu za kufungia vibanda vya mashine za mchina mitaani, zinaweza kupatikana pia nguvu za kuwafuata wanaouza uhakika usiokuwepo kwa namba za simu zilizosajiliwa kwa alama za vidole. Namba zipo, miamala ipo. Hili si jambo la kusubiri semina.

Turudi ubaoni, maana kompyuta ikishakaa mahali pake ina faida kubwa, na Tanga inaipoteza bure.

Coastal Union ina ubingwa wa Bara wa mwaka 1988 mpaka leo inausimulia, na haina ubavu wa kifedha kumleta Pep Guardiola. Haitakuwa nao. African Sports, Wana Kimanumanu, ndiyo kabisa. Kwenye chesi mambo yamegeuka: kocha bora kuliko wote duniani, anayemzidi Carlsen, hana mshahara. Mtoto wa Muheza mwenye simu ya kaka yake anaweza kucheza mchezo, kisha akaiambia programu imwonyeshe alipokosea, mwendo kwa mwendo, bila kutukanwa. Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala, yule ambaye maisha yake yalitengenezewa filamu mwaka 2016, alijifunza kwa mwalimu wake Robert Katende kwenye mbao chakavu na akafika kuiwakilisha Uganda kwenye Olimpiadi ya chesi. Alianza kwa ubao wa kupanga foleni. Mtoto wa leo anaanza na Stockfish. Kinachokosekana ni Katende, mtu mzima wa kukaa nao Jumamosi mbili kwa mwezi, na chumba kimoja cha shule.

Lakini atakayeanzisha jambo hilo ajue kwamba kocha huyo wa bure ndiye pia mwizi wa bure. Mwaka 2015 kwenye mashindano ya wazi ya Dubai, Gaioz Nigalidze wa Georgia, aliyekuwa na cheo cha juu kabisa cha mchezo, alikuwa anaenda chooni kila mara mchezo ukinoga. Mpinzani akatilia shaka. Waamuzi walipokagua wakakuta simu imefichwa chooni humo, na ndani yake mchezo uleule uliokuwa ukiendelea ubaoni. Alifungiwa miaka mitatu na cheo akanyang'anywa. Hapa jirani, Kenya Open ya mwaka 2023, kijana wa kiume alijifunika nikabu akacheza upande wa wanawake akiwinda zawadi, akagundulika. Yule hakutumia kompyuta, alitumia buibui tu, lakini somo la waamuzi ni lilelile. Mashindano yenye zawadi, hata kama zawadi ni kreti mbili za soda, simu zikusanywe kwenye beseni mlangoni.

Sasa drafti. Mwaka 2007 mtafiti Jonathan Schaeffer wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, alitangaza kwamba drafti ya Kizungu ya viboksi 64 imemalizwa: kompyuta zilizoanza kazi hiyo mwaka 1989 zimethibitisha kwamba wachezaji wawili wasiokosea watatoka sare, siku zote. Drafti ya vijiweni ina sheria zake, kingi wake anaruka ubao mzima, kwa hiyo wabishi wa Ngamiani wanaweza kusema wao bado hawajamalizwa. Wapewe hiyo sare.

Mchezo wenye deni kubwa zaidi ni bao la kete. Huu ni wa Pwani hii hasa, kutoka Lamu mpaka Kilwa, Unguja mpaka Pangani, na Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa mtu wa bao. Mashimo 32, kete 64, nyumba, kunamua kisha mtaji. Binamu yake wa Afrika Magharibi, awari, alishamalizwa na Waholanzi John Romein na Henri Bal mwaka 2002: walikagua mipangilio yote zaidi ya bilioni 889 wakakuta ni sare. Bao la Kiswahili ni gumu kuliko awari, na mwendo mmoja unaweza kuzunguka na kuzunguka kete zikilala na kuamka mpaka mtazamaji mgeni apoteze hesabu. Mafundi wa bao wanauona mwisho wa mzunguko huo kabla hawajaachia kete ya kwanza.

Wazungu waliliona hilo mapema. Alexander de Voogt alikaa na mafundi wa Zanzibar miaka ya 1990 akaandika utafiti juu ya vichwa vyao vinavyofanya kazi. Jeroen Donkers wa Chuo Kikuu cha Maastricht alilitumia bao kwenye tasnifu yake ya mwaka 2003 kuhusu namna kompyuta inavyoweza kumsoma mpinzani. Maastricht! Wakati huo mzee wa Tongoni aliyekuwa akiwafunga watu wa vijiji vitatu hakuna daftari lililoandika hata mchezo wake mmoja.

Wapo wanaojifariji kwamba bao haliwezekani kwa mashine. Waache. Kuzungusha kete ndiko hasa kompyuta inakokuweza, haipotezi hesabu wala haichoki, na siku kampuni kubwa ikiamua kumwaga hela kwenye bao kama IBM ilivyomwaga kwenye chesi, fundi wa Pwani atakaa alipokaa Kasparov. Mwaka 2017 programu ya AlphaZero ya London iliachwa icheze chesi yenyewe kwa yenyewe, bila kufundishwa mchezo hata mmoja wa binadamu, na kwa saa chache tu ikawa kali kiasi cha kuifunga Stockfish ya wakati ule michezo 28, sare 72, haikupoteza hata mmoja. Ikifika kwenye bao itafika hivyo hivyo. Haitamwuliza mzee yeyote kitu.

Tofauti ni kwamba Kasparov alipofungwa, michezo yake yote ilikuwa imeandikwa, na ya waliomtangulia kwa mamia ya miaka. Watoto wanaisoma mpaka leo na kuishangaa. Fundi wa bao akizikwa, anazikwa na michezo yake. SHIMIWI, michezo ya watumishi wa serikali, ina bao na drafti kila mwaka, bingwa anapewa kikombe, anapigwa picha, na hakuna anayebaki na rekodi ya alivyocheza. Ni sawa na ligi inayoandika majina ya mabingwa bila kuandika magoli.

Ofisi ya utamaduni na michezo ya Jiji la Tanga haihitaji bajeti kuanza. Simu ileile iliyomfunga mzee wa drafti ina kamera. Ifungwe kwenye kijiti juu ya bao, mafundi wawili wakae kuanzia baada ya Adhuhuri, kijana mmoja aandike shimo lililochezwa kila zamu, na mchezo ukiisha aulize: babu, pale ulipoacha kula, ukapeleka kushoto, uliona nini?